Jina Langu kwenye Kitabu Cheupe

Barabara ya Shady Branch,
Kaunti ya Latham,
Georgia.
Jumamosi, 16 Novemba 1963

Mpendwa Dada Odessa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa bega langu la kulia, ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Luvenia ni mzima na anakusalimu. Je, ninyi huko Cleveland mnaendeleaje? Theluji imeshaanza? Magoti ya Mama yamepata nafuu? Mwambie ile dawa niliyomtumia ni ya kupaka, si ya kunywa. Namjua Mama, na wewe unamjua.

Juzi tumemaliza kupika shira ya miwa, galoni sitini na mbili, na haikuungua hata sufuria moja. Nimewatengea mitungi minne. Luvenia amefunga na viazi vitamu kwenye gunia moja, kwa sababu Mama anasema viazi vya huko havina ladha. Mzigo utakuja na binamu ya Mchungaji Dupree, anayepanda treni mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, kwa kuwa hasira haikunipa nafasi ya kukaa. Unaniuliza nilipata nini. Unasema nilikwenda kujionyesha mahakamani, mtoto wa Clemmie Tarver akafungwa vilevile, mke wangu Luvenia akafukuzwa kazi, ua wangu wa waya ukakatwa, na kwamba mwanamume mwenye akili zake angekwisha kuuza shamba na kuja kufanya kazi kiwandani pamoja na shemeji Thurman.

Dada, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikajua kuandika jina langu, na sijasahau kofi nililopata kwa kuandika herufi kinyumenyume. Lakini habari hii uliisikia vipande vipande kwa watu waliopita njia. Mimi mwenyewe sikuwahi kukuandikia yote, maana kwa muda mrefu nilikuwa siwezi kumtazama Clemmie usoni, sembuse kuisimulia habari hii. Leo nakuandikia yote. Na jibu langu nakupa mapema ili usihangaike kulitafuta: siji.

Lucious unamkumbuka. Ndiye yule kitinda mimba wa Clemmie, aliyekuwa akiimbia puani kwenye kwaya ya watoto. Sasa ana miaka ishirini na minne. Alikuwa akiendesha lori la magogo kwenye kiwanda cha mbao, na msimamizi wao, Mzungu mmoja mwenye hasira za karibu, alimpiga na mpini wa shoka mbele ya watu kwa kuchelewa kurudi na lori. Lucious akaunyang'anya ule mpini na kumrudishia mara moja. Mara moja tu, Dada, watu wanane waliona. Msimamizi akavunjika taya. Lucious akashtakiwa kwa kushambulia kwa nia ya kuua, kosa la kifungo cha hadi miaka ishirini.

Desturi ya mahakama yetu unaijua. Watu weusi huletwa pale wakashtakiwa, wakahukumiwa, wakafagia ngazi, na wakitaka kutazama hupanda roshani. Lakini vile viti kumi na viwili vya wazee wa baraza, wanaoamua kama mtu ana hatia au hana, havijawahi kukaliwa na mtu mweusi tangu jengo lile lisimame. Majina ya wazee hutolewa kwenye boksi, na boksi hujazwa kutoka vitabu vya walipa kodi. Vitabu viwili. Cha Wazungu kina kurasa nyeupe, chetu kina kurasa za njano. Kuna mabwana sita waliokabidhiwa kazi ya kuchagua majina, na mikono yao haijawahi kufungua kile cha njano. Ukiwauliza, watakuapia kwamba wao wanatafuta watu waadilifu wenye akili timamu, na rangi haimo kabisa.

Sasa sikia lililotokea. Unakumbuka nilinunua zile ekari arobaini za marehemu Bibi Eudora Pinckard, Mzungu yule mpweke aliyefuga paka. Ofisi ya kodi ilikuwa imepata binti mpya kutoka kaunti nyingine, asiyemjua mtu. Binti wa watu akafungua ukurasa wa Bibi Pinckard kwenye kitabu cheupe, akakata jina la marehemu, akaandika chini yake mwenye shamba mpya: Bw. E. L. Mabry. Kazi yake ikaishia hapo. Wale mabwana sita walipofika kwenye ukurasa huo wakadhani ni mmoja wa akina Mabry wa ng'ambo ya mto, wajukuu wa yule aliyemmiliki babu yetu. Wakaliandika jina kwenye kikaratasi na kulitia kwenye boksi.

Babu alimfanyia kazi yule mzee miaka thelathini, na alichoondoka nacho ni jina hilo tu. Sikuona sababu ya kuona haya kulitumia.

Samansi ya kuniita kwenye baraza ilifika mwezi wa Machi mwaka jana. Luvenia ndiye aliyeifungua, akaisoma, akaiweka mezani mbali na yeye kama kitu chenye ncha.

"Hii si yako," akasema.

"Jina ni langu."

"Jina lako, lakini hawakukukusudia wewe."

"Basi wakiniona watanikusudia."

"Ezell, usinifanyie utani. Unajua ni kesi gani inaanza wiki hiyo."

Nilijua. Kaunti nzima ilijua. Mchungaji Dupree alikuja akanywa kahawa vikombe vitatu, akanishauri niugue. Alisema homa ya siku moja haijamuua mtu, na yeye angenitolea ushahidi kwamba nilikuwa kitandani. Nikamwambia, Mchungaji, unataka kusema uongo kwa ajili yangu wiki ya kuelekea Pasaka? Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Aliyenivunja nguvu ni Clemmie, mama yake Lucious. Alikuja kwa miguu maili mbili, akasimama ukumbini, akakataa kuketi.

"Ezell, nakuomba kama ndugu yangu. Usiende."

"Nikikaa pale, Lucious atakuwa na mtu mmoja wa kumwona kama mtu."

"Hawatakuacha ukae. Watakutoa, wewe utarudi nyumbani kwako, na hasira yao itabaki na mwanangu. Jaji akikasirika nani atalipa? Si wewe."

Nililala siku nne na maneno yale. Lakini kila nilipotaka kuichana ile karatasi, nilikumbuka kwamba maisha yangu yote kaunti hii haijaniita popote isipokuwa kulipa au kuondoka. Sasa imeniita, kwa makosa yake yenyewe, na mimi ndiye nifunge mlango? Nikapiga pasi suti yangu ya mazishi.

Jumatatu ile nilifika saa mbili na nusu asubuhi. Askari wa mlangoni akanionyesha ngazi za roshani kwa kidevu. Nikamwonyesha samansi. Hakuisoma, aliutazama muhuri tu.

"Unamletea karatasi bwana wako?"

"Namletea jaji."

"Basi kaa benchi la nyuma, usitembeetembee."

Nikakaa. Mabenchi ya chini yalikuwa yamejaa Wazungu walioitwa kama mimi, wamebanana mabega, na mimi nikapata benchi zima peke yangu kama bwana harusi. Nadhani wengi walifikiri nimekuja kutazama jiko la kuni, maana mimi ndiye hulitengeneza kila masika. Juu roshani nilimwona Luvenia na kofia yake ya kijani, na Clemmie pembeni yake akitazama sakafu.

Wakili wa Lucious alikuwa Bwana Josephus Rainey kutoka Atlanta, mtu wetu, mwembamba, mpole wa sauti mpaka unamwinamia. Mimi sikuwa nimemweleza lolote kuhusu samansi. Sikutaka mtu aje kusema nimepangwa. Asubuhi hiyo, kabla ya majina kuitwa, alimwapisha karani wa mahakama, Hollis Crumley, akamuuliza kama watu weusi huachwa makusudi katika baraza. Crumley ameshika Biblia, uso mkavu, akajibu kwamba hajawahi kusikia jambo hilo, kwamba majina ni majina tu na hayana rangi. Jaji Stallworth akasema pingamizi la wakili limekataliwa, tuendelee.

Crumley akaanza kuita majina. Alipofika kwenye la ishirini na moja akasoma: "Bwana E. L. Mabry."

Nikasimama. "Nipo."

Grady Mabry, Mzungu wa ng'ambo ya mto, aligeuka akanitazama. "Huyo si wa kwetu," akasema, na mabenchi yakacheka.

"Ezell, keti," akasema jaji. "Anaitwa mtu mwingine."

"Mheshimiwa, E ni Ezell, L ni Leander. Anwani ni ya shamba langu, na samansi ninayo hapa."

Askari akaipeleka. Jaji aliisoma mbele na nyuma. Yule ni mtu mwerevu, Dada, sitamnyima sifa yake. Hakupandisha sauti. Akasema, "Naona pametokea hitilafu. Umesamehewa. Unaweza kwenda nyumbani."

"Sijaomba kusamehewa, Mheshimiwa."

"Nimekwambia unaweza kwenda."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Ila hapa imeandikwa nisipofika nitaadhibiwa. Nimefika. Nikiondoka, nataka nijue naondoka kwa nini."

Jaji angeweza kusema lolote. Angeweza kusema namjua mshtakiwa, na ingekuwa kweli, na habari ingeishia hapo. Nilimwona anafungua kinywa. Lakini Crumley alimtangulia. Aliogopa ataonekana mzembe mbele ya wakubwa, akataka kujisafisha haraka.

"Mheshimiwa, kosa si la ofisi yangu. Ni yule binti mpya wa kodi. Amemwingiza huyu kwenye kitabu cheupe. Weusi wote wako kwenye kile cha njano, na kile sisi hatukigusi. Hatujawahi kukigusa. Kila mtu anajua."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza sukari iko kabati gani. Hakuona aibu wala hakuona hatari. Kwake jambo lile lilikuwa la kawaida mno hata akasahau kwamba saa moja iliyopita alikuwa ameapa halipo.

Nilichosikia ni mashine ya mwandishi wa mahakama, yule mama Mzungu mwenye nywele za fedha aitwaye Bibi Hargrove, ikigonga kila neno. Mwandishi kazi yake ni kuandika kinachosemwa, na yule mama aliandika.

Bwana Rainey aliinuka taratibu kana kwamba anaogopa kumwaga kitu. "Mheshimiwa, naomba maneno ya karani yasomwe tena."

"Maneno hayo yafutwe," akasema jaji.

"Basi naomba iandikwe kwamba Mheshimiwa ameagiza yafutwe."

Na Bibi Hargrove akaliandika hilo pia.

Mwendesha mashtaka akasimama upesi, akasema serikali inamkataa E. L. Mabry. Sheria inampa nafasi kumi za kumkataa mtu bila kutoa sababu, na ya kwanza akaitumia kwangu. Nikachukua kofia yangu nikatoka kwa mlango wa mbele, mlango ambao kwa kawaida hatuutumii. Hakuna aliyenizuia.

Naomba usifikiri niliimba nikielekea nyumbani. Wazungu kumi na wawili walikaa chini, wakamsikiliza Lucious siku moja na nusu, wakaenda chumbani kwao kwa dakika arobaini. Hatia. Miaka kumi na mitano. Nilikuwa uani chini ya ngazi habari ilipotoka. Clemmie alishuka kutoka roshani, akanikuta pale mbele ya watu.

"Ulitaka kujiona mtu, Ezell," akaniambia. "Umejiona. Sasa mtazame mwanangu anavyofungwa mnyororo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kuanzia siku hiyo aliacha kunisalimia, na kanisani alihama upande wetu wa madirisha akakaa upande wa pili. Miezi kumi na tisa, Dada. Tumezika watu wawili pamoja mimi na yeye, tukasimama kaburi moja, na hakunipa mkono.

Mengine unayajua. Luvenia aliondolewa jikoni shuleni, baada ya miaka kumi na moja, kwa barua ya mstari mmoja. Aliirudisha ile barua kwa mkuu wa shule akiwa ameweka alama nyekundu mahali alipokosea, akasema mtu anayefukuza watu ajue kwanza kuandika. Kiwanda cha karanga cha hapa kilikataa karanga zangu, nikazipeleka kaunti ya tatu na lori la kuazima. Ua ulikatwa mara tatu. Niliutengeneza mara tatu, na mara ya tatu niliutengeneza mchana kweupe siku ya soko, ili kila anayepita anione nikitengeneza.

Nakiri, mwezi wa Agosti mwaka jana nilishusha lile sanduku kubwa la Baba kutoka darini. Luvenia aliliona, akaanza kukunja mashuka. Siku hiyohiyo Bwana Rainey alikuja, akaliona sanduku. Akatueleza kwamba amekata rufaa na rufaa nzima imesimama juu ya mambo mawili: maneno ya Crumley, na mtu halisi anayeishi Latham, mwenye ardhi, mlipa kodi, asiye na doa, ambaye aliitwa kisha akatolewa kwa rangi yake. Nikihama, upande wa pili utasema mtu huyo yuko wapi. Nikatia sahihi kiapo changu juu ya lile sanduku, kisha tukalirudisha darini. Ndiyo maana sikuja, Dada. Nikija huko kula kuku wako wa Jumapili, Lucious anabaki kuponda mawe mpaka awe na mvi.

Mwezi wa Septemba mahakama ya juu ilitoa uamuzi. Bwana Rainey alinisomea kwa simu ya dukani, na mwenye duka akajifanya anapanga makopo ili asikie. Yale maneno yaliyoamriwa kufutwa yalikuwa mle yote, mpaka "hatujawahi kukigusa." Wakasema baraza lililochaguliwa kwa namna hiyo si baraza, na hukumu yake si hukumu. Hukumu imetenguliwa. Boksi limwagwe, lijazwe upya kutoka vitabu vyote viwili, na Lucious ashtakiwe upya. Kesi ni keshokutwa, Jumatatu.

Watu arobaini na wanane wameitwa. Kumi na saba ni wetu. Nimewaona wakitoka kunyoa nywele, wengine hawajawahi kunyolewa kwa pesa tangu waoe. Jina langu mimi halikutoka safari hii, na Luvenia anasema ni afadhali, kwa kuwa suti ile haifungi tena kifungo.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu ni la juzi Alhamisi. Nilikuwa naosha masufuria ya shira niliposikia hatua ukumbini. Clemmie. Amevaa koti la kanisani na glovu.

"Chukua kofia yako," akasema. "Mwendesha mashtaka ameniita gerezani, na sitaki kwenda peke yangu."

Tukaenda hadi gerezani. Bwana Rainey alikuwa ameshafika. Lucious aliletwa kutoka kambi ya wafungwa watengenezao barabara, amekonda, na alipokaa suruali ikapanda nikaona kifundo cha mguu. Mnyororo umekula ngozi ikabaki nyeusi inayong'aa kama lami. Clemmie alikiona. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama usoni.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtamu siku hiyo. Aliweka karatasi mezani akaielekeza kwa Clemmie. Lucious akubali kwamba alimpiga yule mtu kwa nia ya kumuua. Akikubali, muda aliokwisha kukaa utahesabiwa kuwa umetosha, na atatoka leo hiihii, ila asionekane tena Latham. Asipokubali, kesi iendelee, na wazee wakimwona ana hatia atapata miaka ileile kumi na mitano au zaidi.

"Tia akilini, Clemmie," akasema. "Jioni hii unakula na mwanao."

Bwana Rainey akawaeleza kwa sauti yake ile ndogo, bila kusukuma mtu. Serikali ina nafasi kumi tu za kukataa watu bila sababu. Wetu ni kumi na saba. Hata wakizitumia zote kumi kwa watu weusi, hesabu inawashinda, na kuna weusi watakaofika kwenye vile viti. Ndicho wanachotaka kukiepuka. Wako tayari kumfungulia mlango mtu waliyemwita muuaji kuliko kutuona sisi tumekaa pale. Lakini akasema pia hawezi kuahidi kitu. Wazee ni watu, na watu huogopa.

Mimi nilitaka atie sahihi. Nakwambia kweli, Dada, mimi niliyesimama mbele ya jaji na kiburi changu. Nilikiona kile kifundo, na nikasema moyoni, kijana, chukua kalamu, kimbia, panda treni uende Cleveland kwa dada yangu. Kama mtu angeniuliza ningesema hivyo kwa sauti. Hakuna aliyeniuliza.

Lucious alimgeukia mama yake. "Mama, mimi sikutaka kumuua, na unajua. Lakini ukisema nitie sahihi, natia. Wewe ndiye umenisubiri."

Clemmie akamuuliza mwendesha mashtaka, "Leo mpaka Jumatatu ni siku ngapi?"

"Nne. Siku nne za jela ambazo si lazima azilale."

"Na wale kumi na saba wameshaambiwa waje?"

"Wameambiwa," akajibu Bwana Rainey.

Clemmie akainuka, akavuta glovu zake vizuri kidole kwa kidole, akairudisha ile karatasi upande wa pili wa meza bila kuikunja.

"Bwana," akasema, "watu hao nimewasubiri tangu nizaliwe. Siku nne si kitu."

Dada, sina la kuongeza juu ya hilo. Jumatatu saa tatu asubuhi kesi inaanza. Clemmie amesema hatapanda roshani, atakaa chini, benchi la mbele, amtazame kila mzee wa baraza anapoapa. Ameniomba nikae upande wake wa kulia na Luvenia wa kushoto. Kama watatutoa, watatutoa watatu. Hukumu itakavyokuwa sijui, wala sijifanyi najua. Mwombee Lucious, na waombe wenzako kanisani wamtaje kwa jina.

Nifikishie salamu kwa Mama, umbusu mikono yote miwili. Msalimu shemeji Thurman, umwambie nafasi yake ya kiwandani ampe mwenye kuihitaji. Delphine wenu aendelee na masomo ya uuguzi, asilegee. Binamu Otis na mkewe, na wote wa nyumbani waliopo huko, wasalimie mmoja mmoja. Mungu wa Baba na wa Babu awatunze, awape joto katika baridi hiyo, na atukutanishe tukiwa na meno ya kulia mahindi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponigombeza,

Ezell Leander Mabry